Jeneza Juu ya Saruji

Ndani ya boti za mbao zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, mahali pa heshima ni juu. Chini ni maji. Hakuna boti isiyovuja, na maji hayo hukaa sakafuni pamoja na petroli iliyomwagika na magamba ya dagaa, mtu mmoja akiyachota kwa kopo na kuyamwaga nje njia nzima. Saruji na makreti ya soda huwekwa chini, juu ya vibao vilivyoinuliwa kidogo. Vinavyoogopa maji huwekwa juu: unga, magodoro, watoto. Na marehemu naye huwekwa juu. Jeneza likikaa sakafuni watu watalivuka kwa miguu, na kwetu maiti harukwi.

Nilikuwa nabeba mizigo pale mwaloni, boti zinapopakia. Ni kazi ninayoifanya ninapokuwa sina safari, na safari kwangu hazikauki. Nimezaliwa Simbo, kwenye mihogo. Shule niliiacha kabla ya darasa la saba kwa sababu nilichoka kukaa. Nimechuma kahawa Kalinzi, nimeuza mawese Ujiji, nimepanga chumba Rusimbi nikakihama kabla godoro halijashika umbo langu. Kuogelea sijui hadi leo. Mtu wa Simbo anajua maji ya kuvuka kwa miguu.

Kibirizi nilipapenda kwa sababu pana maneno mengi. Nilikuwa na swali langu moja nililomuuliza kila mwendesha boti: kwa nini boti huzama? Wengi walinijibu, upepo. Wengine walinijibu, siku yao ilifika. Mimi sikatai upepo, wala sikatai siku. Lakini ukikaa na msimuliaji hadi amalize chai yake, utasikia jambo lililoutangulia huo upepo. Kuna boti ilipinduka kwenye maji yaliyotulia kama uji wa mgonjwa, karibu kabisa na kijiji, kwa sababu abiria wote waliinuka upande mmoja kumshangilia bibi harusi aliyekuwa anawangoja ufukweni. Kuna nyingine ambayo mwenyewe alimwachia shemeji yake usukani, kwa kuwa shemeji alitaka wakwe wamwone akiendesha. Hakuna aliyesema, tulikosea. Walisema, ziwa limewachukua.

Basi siku hiyo uliletwa mwili wa mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa dagaa, aliyefia mjini akitibiwa. Kwao ni kijiji kilicho karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo gari halifiki. Tulipaswa kuondoka asubuhi ziwa likiwa bado limelala, lakini ibada ya kuaga ilirefuka. Kila aliyetaka kumsema vizuri marehemu alipewa nafasi, na alikuwa mtu mwema, kwa hiyo waliotaka walikuwa wengi. Jeneza lilipofika Kibirizi jua lilishapita kichwani.

Boti ilikuwa ya mzee mwenye mvi ndevuni, msemaji wa taratibu, ambaye mwalo mzima ulimwita nahodha hata alipokuwa amekaa nchi kavu anachomoa miiba mguuni. Alinichukua nipange mizigo na kuishusha huko mbele. Nilikubali haraka kwa sababu kijiji chenyewe nilikuwa sijawahi kukiona.

"Wewe mwenye maswali," mama mmoja muuza samaki alinipigia kelele, "leo umepata safari ya kwenda kula ubwabwa wa msiba?"

"Nakwenda kuona kijiji, mama."

"Kijiji hakiliwi. Sema ubwabwa."

Tukapanga. Mifuko ya saruji ya kujengea kaburi chini, makreti juu yake, kisha magunia ya unga na mchele, masufuria makubwa ya kupikia watu, kisha magodoro. Mtoto wa kwanza wa marehemu, muuza vitenge wa Ujiji, alisimama ndani ya maji na suruali yake ya suti akisimamia kila kitu.

"Baba atakaa wapi?" akamuuliza nahodha.

"Mnapotaka ninyi wenyewe."

Wakataka juu ya magodoro. Jeneza likapandishwa na wanaume huku kina mama wa kwaya wakiimba. Lilipotulia huko juu, mtu aliyesimama ufukweni aliliona lote, maua na kitenge kilicholifunika, juu ya ukingo wa boti. Binamu mmoja akaona kwamba kamba zitalichubua. Akachukua maboya ya kuvaa, yale majaketi ya rangi ya machungwa yaliyokuwa yametundikwa kando ya injini, akayapanga chini ya jeneza na ubavuni mwake kama mito. Watu wakamsifu kwa akili. Kisha likafungwa kwa kamba, na ndugu wakapanda kulizunguka: mjane, mabinti, wakwe, kwaya. Hakuna aliyetaka kukaa chini mbali na baba.

Nilimsogelea nahodha aliyekuwa anafunga mpira wa petroli. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ni sawa, uzito wote ule kukaa juu.

"Si sawa," alisema.

"Sasa si uwaambie, mzee?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Niwaambie nini? Baba yenu mzito? Mtu aliyefiwa haambiwi hapana, kijana. Saruji iko chini, itatushika. Sukuma boti."

Nikasukuma.

Mwanzo safari ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba. Mke wa yule mtoto wa kwanza alikuwa na mtoto mchanga aliyelala mgongoni mwake, na aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Simbo alicheka: "Simbo? Sasa ukianguka majini si utajipanda kama muhogo?" Wote waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka, ingawa mkono wangu ulikuwa umeshika kamba tangu tuondoke.

Tulipofika usawa wa msitu wa Gombe, upepo ukaanza kutoka kusini, nyuma yetu. Hapo milima inashuka moja kwa moja hadi majini, na sehemu nyingi ni mawe, si mchanga. Mawimbi yalikuwa hayajawa makubwa. Watu wa ziwani wangeyaita ya kawaida. Wimbi lilikuja kwa nyuma, likainua kisogo cha boti, boti ikalala upande wa kulia, wimbi likapita. Ndipo nilipoona jambo geni. Wimbi lilikuwa limekwisha kupita, lakini boti ilikuwa bado imelala.

Ilibaki pale upande wake kama mtu anayefikiri. Kisha ikarudi, taratibu mno, ikapita katikati, ikalala upande wa kushoto, ikafikiri tena.

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Lakini nimebeba mizigo kichwani maisha yangu yote, na najua tofauti ya mzigo unaotikisika na mzigo unaotaka kuondoka. Nilirudi nyuma nikitambaa hadi kwa nahodha.

"Mzee, mbona inachelewa kurudi?"

"Nyamaza."

"Inachelewa, mzee."

"Nimeona. Usiwaambie." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mashavu, na upepo ulikuwa wa baridi. Hilo lilinitisha kuliko mawimbi. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba kama yeye haogopi, basi hakuna la kuogopa.

Hatukuhitaji kuwaambia. Wimbo ulikatika wenyewe, sauti moja baada ya nyingine, hadi akabaki mama mmoja mzee aliyekuwa amefumba macho akiimba peke yake, na yeye akanyamaza pia. Boti ililala kulia. Maji yalifika kwenye ukingo, yakauchungulia, hayakuingia. Kila mtu alikuwa anaegemea upande wa pili, na boti iliporudi, uzito wao wote ukarudi nao ukaisukuma zaidi kushoto.

"Kaeni katikati!" nahodha alipiga kelele. "Msihame! Kaeni!"

Mtu mmoja akaita maboya. Wengine wakaitikia: maboya, maboya yako wapi? Yule binamu alinyanyua mkono kuonyesha, kisha akaushusha. Tuliyaona wote, rangi yake ikichungulia chini ya kitenge. Yalikuwa yamebanwa na jeneza, na jeneza limefungwa kwa kamba, na kamba zimekazwa na wanaume wenye nguvu. Mama mmoja alijaribu kuvuta boya moja kwa mikono miwili huku analia. Halikusogea hata kidogo.

"Tupeni mizigo!" mtoto wa kwanza alisema. "Tupeni saruji! Baba atazikwa hata kwa udongo!"

Vijana wawili wakaingia chini mara moja, na nikasikia mfuko wa kwanza ukiburutwa. Wakauinua hadi ukingoni, boti ikainama upande wao, wakausukuma ukaanguka majini. Watu wakapumua, kama kwamba hatari imepungua. Lakini boti ilipolala mara ile, ililala zaidi. Maji yakaingia kwa mara ya kwanza, karai zima la maji, yakaloanisha miguu ya wote waliokaa kulia.

Nahodha akasimama. Sijawahi kusikia mtu mtaratibu akipiga kelele namna ile.

"Acheni saruji! Saruji ndiyo inayotushika! Mzee ndiye ashuke! Mzee ashuke chini!"

Wale vijana wakauachia mfuko wa pili.

"Unasema nini?" mtoto wa kwanza alimwuliza.

"Jeneza lishuke sakafuni. Na ninyi wote mlioko juu mshuke mlizunguke. La sivyo tunakwenda naye."

"Baba yangu akae kwenye maji ya petroli? Umkanyage kama gunia?"

"Ndiyo."

"Ungesema Kibirizi!"

"Ningesema Kibirizi ungenipiga."

Mjane alikuwa amelilalia jeneza, amelikumbatia kwa mikono miwili, na kila boti ilipolala yeye alilala nalo. "Mana yanje," alikuwa anasema kwa lugha ya kwao, Mungu wangu, Mungu wangu, tena na tena. Binti zake walimshika mabega wakimsihi, hakuachia. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya turubai na kichwani mwangu mlikuwa na wazo moja tu, la aibu kidogo: kwamba maji ya pale ni meusi, na nilishaambiwa kwamba hakuna kamba ya mvuvi iliyofika chini yake.

Ndipo yule mkwe aliyenitania alipofungua kanga mgongoni, akamtoa mtoto wake mchanga, akasogea kwa magoti hadi kwa mama mkwe wake. Hakumbembeleza. Alimsukumia mtoto kifuani, kati yake na jeneza, kisha akaachia mikono yake mwenyewe.

"Mama, mshike. Mimi nimemwachia."

Mtoto alianza kuteleza. Mjane akaachia jeneza akamdaka.

Hapo mabinti wakamvuta akashuka. Mtoto wa kwanza alitazama kamba, akamtazama nahodha, akatazama ndugu zake. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Nani katika watoto akate kamba ya baba yake ili ashushwe chini ya miguu ya watu?

"Wewe wa Simbo," nahodha aliniita, akanirushia kisu cha kukatia nyavu. "Wewe si ndugu. Kata ya mbele kwanza. Wanaume walishike kwanza, ndipo ukate."

Nilitambaa. Wanaume walilishika jeneza, mmoja akiwa analia kwa kwikwi kama mtoto, na mimi nikakata kamba ya mbele. Nilipokuwa naanza kukata ya nyuma, wimbi likaja, kamba ikakatika yenyewe kabla kisu hakijamaliza, na jeneza likaondoka. Liliteleza kulia juu ya magodoro na maboya, wanaume wakining'inia juu yake. Boti ikalifuata. Niliona ukingo ukizama, si kuchunguliwa, kuzama. Maji yakamiminika ndani kwa upana wote kama mtu anayemwaga ndoo bila haraka. Mtu alinikanyaga shingoni. Nilisikia masufuria yakigongana, na nilisikia sauti ya mtu akiita mama, baadaye nikatambua kuwa ilikuwa yangu.

Nahodha aligeuza boti ghafla, injini ikalia kama inachinjwa. Kona ile ikatupa kila kitu upande wa pili. Jeneza likaserereka kurudi katikati, likaanguka kati ya magunia mawili, kichwa chini, na wanaume wakaanguka juu yake. Wakalisukuma kwa mikono na kwa miguu, wakiburuta makreti pembeni, wakisema samahani baba, samahani baba, hadi likalala juu ya saruji, ndani ya maji yaliyofika nusu ya ubao wake.

"Wote chini!" nahodha alipiga kelele. "Kaeni hapo hapo! Juu yake kama ni lazima!"

Tukashuka. Tulikaa tumebanana sakafuni, maji yakiwa mapajani, magoti ya watu yakiwa juu ya kitenge cha marehemu. Tulichota maji kwa masufuria ya msiba. Na wimbi lililofuata lilipokuja, boti ililala kulia, ikarudi. Ikarudi upesi, kwa kushtuka, hata meno yangu yakagongana. Nilianza kucheka na kulia pamoja. Maboya yalikuwa yamelegea sasa, yakaelea kati yetu, nasi tukawavisha wenye watoto.

Woga haukuisha. Watu wanaosema uliisha hawakuwamo. Kila wimbi lilipokuja nilihesabu moyoni kama itarudi, hadi tulipoona michikichi ya kijiji na watu wamejaa ufukweni.

Walikuwa wameanza kuomboleza tulipokuwa bado mbali. Lakini boti ilipogusa mchanga na wanaume wakaanza kulitoa jeneza chini kabisa, likichuruzika maji, kitenge kikinuka petroli, alama ya kandambili ya mtu juu ya ubao wa kichwani, maombolezo yalisimama. Sijapata kusikia ukimya wa hasira kama ule.

Jioni hiyo hiyo wazee wa ukoo waliketi uani pa msiba. Aliyeongoza alikuwa mdogo wa marehemu. Nahodha aliitwa, akaja amevua kofia.

"Shikamooni, wazee."

Hawakuitikia kwanza. Kisha mdogo wa marehemu akasema: "Tumekupa kaka yetu umlete. Umemleta kama gunia la dagaa mbichi. Alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mzee."

"Upepo wa leo ulikuwa mkubwa?"

Nahodha alizungusha kofia mkononi. "Wa kawaida."

"Sasa?"

Nilingoja aseme. Nilimtazama mtoto wa kwanza, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la watoto wa marehemu, suruali bado imeloa. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Basi nikasema mimi: "Mzee, naomba niongee. Jeneza lilikaa juu mno, boti ikawa inachelewa kurudi, na kama tusingelishusha..."

"Wewe ni mwana wa nani?"

"Mimi ni mbebaji tu, mzee. Natoka Simbo."

"Basi kabebe."

Watu wachache walicheka, kicheko kile cha msibani kinachomezwa. Nahodha akapiga goti moja. Aliomba radhi. Aliomba radhi kwa kumshusha marehemu, kwa kumkanyagisha, kwa kumlowesha. Alisema aliogopa, na kwamba mtu mzima hapaswi kuogopa kiasi hicho. Kuhusu Kibirizi, kuhusu lile alilolijua akiwa bado nchi kavu, hakusema kitu, na hakuna aliyemwuliza. Wazee walishauriana, wakamsamehe. Mmoja akasema tumshukuru Mungu kwamba ziwa halikutuchukua. Wote wakaitikia amina. Chakula kikaletwa.

Tulizika kesho yake asubuhi, na saruji ambayo haikuwa imeganda kwa maji ikatosha hata bila ule mfuko uliotupwa. Mjane alipita karibu yangu akitoka kaburini, mjukuu akiwa begani, akanigusa mkono.

Baada ya mazishi nilimkuta nahodha ufukweni anamimina petroli.

"Msiba mwingine ukija," nilimwuliza, "jeneza utaliweka wapi?"

Alimaliza kumimina kwanza. "Watakapotaka wenyewe."

"Baada ya jana?"

"Umesikia nilivyoomba radhi. Ulisikia nimeomba radhi kwa lipi? Nikikataa safari ijayo watasema, ni yule aliyemkanyaga mzee, sasa anakataa hata kumbeba. Nitaliweka juu. Nitaomba pasiwe na upepo." Akafunga kidumu. "Panda, twende. Boti tupu leo, inakaa vizuri."

Haikuwa tupu. Wageni wa kurudi mjini walikuwa wanapanda, na kwa kuwa sakafu ilikuwa bado na maji, walikuwa wanarundika magodoro juu ya mbao na kukaa juu ya magodoro, kwaya yote, ili wasiloe. Yule mkwe alikuwa juu kabisa, mtoto mgongoni. Nilimwita, nikamwomba akae chini.

"Chini kumelowa, kaka," alisema. "Mtoto ataumwa kifua."

Nikamwambia nahodha mimi nitapita mlimani, njia ya miguu ya kwenda Kalinzi, kisha nitafute pikipiki hadi mjini. Watu walio juu ya magodoro wakasikia.

"Mtu wa Simbo huyo! Anakwenda kujipanda!"

"Utafika mwezi wa ngapi?"

"Mwacheni, anaogopa."

"Ndiyo," nikawajibu, "naogopa." Walicheka sana. Nikavua kandambili nizishike mkononi, maana njia ile huanza kwa kupanda mawe, nikaondoka kabla injini haijawashwa.